Koplo Aliyelijua Yowe

Edward alipopandishwa cheo kuwa sajenti, mkewe Noela alileta sare nyumbani kwa Koplo Bujiku ili ishonewe tepe. Mafundi cherehani hawakuwa wengi pale Ilambamasi, na aliyeaminiwa nguo za askari alikuwa Loveness, mke wa Bujiku. Basi Bujiku aliketi barazani kwake na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, magotini, akamtazama mkewe akishona V tatu kwenye mkono wa shati la mwanamume mwingine.

"Mama Adam, hebu tazama, zimekaa sawa?" Loveness aliuliza.

"Zimekaa. Mwenyewe atafurahi." Noela aliinua shati kwenye mwanga, kisha akamgeukia Bujiku. "Na zako zinakuja, shemeji. Ziko njiani."

"Labda zimepotea njia," Bujiku alijibu. Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Michembe, chakula alichokipenda tangu utoto, ilimshinda siku hiyo, akaimwagia kuku.

Bujiku alizaliwa upande wa Mhunze, Kishapu, kwenye nchi kavu ya pamba na ng'ombe, kwa baba aliyetaka mwanawe awe mwalimu na akampata askari. Hakuwa mtu mbaya. Hakupokea hongo, jambo ambalo katika kijiji cha wachimbaji wa dhahabu si dogo. Alimpenda mkewe, alisali Jumapili, na wazee walipompita njiani alivua kofia. Lakini alikuwa na kidonda kimoja, na kidonda hicho kilikuwa Edward.

Walianza kazi pamoja. Walilala vitanda vilivyopakana katika chuo cha polisi, na baadaye wakapangwa kituo kimoja kidogo, pale Ilambamasi, kwenye ukanda wa dhahabu wa Geita. Edward alitoka Makete, kwenye baridi na mahindi, na alipofika hakujua neno moja la Kisukuma. Bujiku ndiye aliyemfundisha kusema "mwangaluka" asubuhi. Alimfundisha kwamba mzee akikukaribisha ugali hukatai hata kama umeshiba, na kwamba mchimbaji anayetoka shimoni husalimiwa kwanza, huulizwa baadaye. Walikuwa wakiitana Edo na Buji. Watoto wao waliugua surua pamoja na wakapona pamoja.

Mambo yaliharibika polepole. Mota ya kusagia mawe iliibwa kwenye mashimo, na Bujiku aliipata kwa kukaa na wachimbaji siku nzima akiongea nao lugha yao. Edward, aliyekuwa na elimu ya kidato cha sita, akaandika taarifa, kwa sababu aliandika vizuri. Kwenye gwaride mkuu wa kituo, Afande Marwa, alimsifu Edward. Edward akasema kwa sauti, mbele ya wote, "Afande, kazi hii ni ya Koplo Bujiku." Lakini Marwa alikuwa ameshageuka kupokea simu. Bujiku alilisikia neno lile la mwenzake, na badala ya kumpoza lilimchoma. Alijiambia kwamba ni rahisi kuwa mkarimu ukiwa umeshashiba.

Baadaye zikaja zile V, na kuanzia siku hiyo Edo akawa "afande". Hakuna aliyemlazimisha Bujiku kulitumia neno hilo wakiwa wawili tu. Edward mwenyewe alimwambia aache. Bujiku hakuacha. Alilisema kila mara, "ndiyo afande", "sawa afande", kwa namna ya mtu anayetema mbegu.

Akaanza pia kumnyima. Watu wakiongea Kisukuma mbele yao, Edward alikuwa na kawaida ya kuinama na kuuliza, "Buji, wanasemaje?" Zamani Bujiku alimweleza kila kitu, hata mzaha. Sasa alijibu, "Wanasalimiana tu, afande." Mara moja mama mmoja wa sokoni alimtania Edward kuhusu masikio yake, watu wakaangua kicheko, na Edward akacheka nao bila kujua anachekwa yeye. Bujiku alirudi nyumbani mwepesi jioni ile. Mtu anayefurahia kitu cha aina hiyo anapaswa kujihofia. Bujiku hakujihofia. Aliona ni malipo madogo ya haki.

Wiki ile kulikuwa na hofu barabarani. Majambazi wenye bunduki na mapanga walikuwa wamemvamia mnunuzi wa dhahabu, wakamjeruhi dereva wake. Edward ndiye aliyembeba dereva yule hadi kwenye gari, na damu ikakaukia kwenye shati lake, chini kidogo ya tepe. Tangu hapo alikuwa anashtuka hata mlango ukigongwa.

Alasiri moja wakawa wanarudi kutoka doria kwa pikipiki, Bujiku akiendesha, Edward nyuma na bunduki. Walipofika kwenye kalavati, mahali mtama umeota mrefu pande zote mbili, mnyororo ukachomoka. Bujiku akapiga magoti kuurudisha. Edward akasimama kando yake, akitazama mashamba.

Hapo ndipo yowe lilipoanza.

Lilitoka mbali, upande wa mawio, sauti moja ndefu inayopanda na kukatika. Likadakwa na sauti nyingine karibu zaidi. Likadakwa tena. Kisha filimbi. Kila aliyezaliwa Usukumani analijua. Huitwa mwano. Ng'ombe wameibwa, au mtu ameuawa, au mtoto amepotea, na kila mwanamume anayelisikia huacha alichoshika, huchukua upinde au panga au fimbo, hulipiga yeye pia ili jirani asikie, kisha hukimbia. Ndiyo sheria ya kwanza ya sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji vyetu. Asiyekimbia huulizwa. Anayelisikia na kulinyamazia, asilipitishe mbele, huhesabiwa pamoja na wezi.

"Buji," Edward alisema. "Nini hiyo?"

Bujiku alikuwa na jibu mdomoni. Ilikuwa atamke tu, "Ni mwano, Edo, wanafukuza wezi wa ng'ombe, shusha bunduki, tukae kando wapite." Hata nusu yake ingetosha. Lakini aliliona shati lile juu yake, na zile V alizoshona mkewe, na akawaza jinsi sajenti huyu atakavyotetemeka kwa kelele za wakulima, pengine atakimbia, pengine atajificha chini ya kalavati. Jioni kituoni yeye Bujiku atakisimulia kisa hicho, na mara hii Marwa ataweka simu chini asikilize.

"Wewe ndiye afande," alisema. "Amri ni yako."

Akainamisha uso kwenye mnyororo, na mikono yake ikiwa na grisi, akatabasamu.

Yowe likaendelea kupokezana. Edward akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, "Buji, ni nini?" Bujiku akajifanya anapambana na mnyororo. Akaurudisha, meno yakashika, akauzungusha kuona kama umekaa.

Mtama ukafunguka. Kijana mmoja akatokea mbio, kifua wazi, panga mkononi, na nyuma yake mabua yakitikisika na sauti za watu wengi wasioonekana. Aliitwa Ndaki. Masika alilima, kiangazi alishuka mashimoni, na katika kijiji kile hakuna aliyemshinda mbio. Kwa sababu alikuwa wa mbele, alifanya kinachofanywa na wa mbele. Aliinua panga juu na kulielekeza kule wezi walikopita, ili walioko kwenye mtama waione njia. Kule walikopita wezi kulikuwa nyuma ya Edward.

"Simama! Polisi!" Edward alipiga kelele.

Ndani ya filimbi zile hakuna ambaye angesikia.

"Ni mwano!" Bujiku alipasua sauti. "Edo, ni mwano!"

Lakini risasi ilikuwa imeshatoka.

Kilichofuata kingeweza kuwa kibaya zaidi. Watu walimiminika kutoka shambani, wakamwona Ndaki chini na mgeni mwenye bunduki amesimama mdomo wazi. Pinde zikavutwa. Bujiku akaruka mbele ya Edward, akanyoosha mikono na kupaza sauti kwa Kisukuma, akilia, akiwataja kwa majina ya baba zao, akiwaomba wasiongeze maiti juu ya maiti. Mzee Kalisti, kamanda wa sungusungu, akafika anahema. Akamtazama Bujiku, akamtazama Edward aliyekuwa amepiga magoti anaziba kidonda cha Ndaki kwa viganja, akawaamuru watu wake washushe pinde. Wakashusha.

Ndaki alikufa kabla gari halijafika. Aliacha mke, Limi, na mtoto mchanga mgongoni kwa Limi.

Edward akawekwa mahabusu. Na Bujiku akawa shujaa.

Hilo ndilo jambo ambalo hakulitazamia. Afande Marwa alimshika mkono mbele ya gwaride, akasema bila Bujiku wangezikwa wengi. Diwani alimtaja kwenye mkutano. Minong'ono ya cheo ikaanza kuzunguka. Akipita njiani watu walisimama. Kila kitu alichokitamani kwa Edward kilimjia katika mwezi mmoja, hata viti: pale kwa Mwanaima, mama ntilie wa karibu na stendi, mtu alinyanyuka kumpisha akae.

Kwa Mwanaima hakukuwa na mazungumzo mengine. Kila asubuhi kesi ile ilisikilizwa upya kati ya chai na chapati.

"Angepiga juu kwanza," Nasibu, kijana wa bodaboda, alisema. "Juu! Paa! Watu wangetawanyika. Au miguuni."

"Miguuni?" Boaz aliguna. Huyu alikuwa na mashine ya kusaga mawe, na zamani aliwahi kuwa mlinzi wa mgodi. "Mtu anakimbia, wewe unatetemeka, unataka umpige mguu? Umewahi kushika bunduki, Nasibu?"

"Sijashika, lakini nina akili."

"Ukiishika, akili inashuka tumboni. Nakwambia mimi. Unaona panga limenyanyuliwa, huna muda wa kuuliza mtu kaamkaje."

"Kwa hiyo kila mwenye panga afe? Hapa nani hana panga? Hata Mama Mwanaima hapa analo la kupasulia kuni."

"Nawe ukichelewesha hela ya chai nitakuonyesha kazi yake nyingine," Mwanaima alisema, watu wakacheka. Kisha akaweka birika chini, akawa hachekeshi tena. "Nyie wanaume mnapiga risasi kwa midomo tangu asubuhi. Mimi nauliza moja. Askari amepewa bunduki kwa sababu tumeaminishwa kwamba yeye hataogopa kama sisi. Kama naye anaogopa kama Nasibu, si wangempa Nasibu bunduki hiyo?"

"Mungu apishie mbali," Boaz alisema.

"Askari naye ni mtu," mwingine akatupia kutoka pembeni.

"Na Ndaki alikuwa nani?" Mwanaima akauliza.

Nasibu akamgeukia Bujiku. "Afande, wewe ulikuwepo. Hebu tuambie. Alikuwa na muda, hakuwa nao?"

Kila mara walimwuliza, na kila mara alitoa jibu lile lile, akitazama kikombe. "Sekunde moja ni ndogo sana, ndugu zangu."

Watu walitikisa vichwa na kusema, ona, bado anamtetea mwenzake, huyu ana moyo. Na ilikuwa kweli kwamba Edward alikuwa na sekunde tu. Mabishano ya Ilambamasi, na ya mahali pengi pengine askari wanapoua, huzunguka kwenye sekunde hiyo: ilitosha, haikutosha. Ni swali la haki, na yeyote anayebeba silaha ya umma lazima aulizwe. Angeweza kurudi nyuma ya kalavati. Angeweza kupiga juu. Lakini kabla ya sekunde ya Edward kulikuwa na muda mwingine mrefu, ambao haukuulizwa na mtu, na huo ulikuwa wa Bujiku. Ulimtosha kurudisha mnyororo na kuuzungusha kuona kama umekaa.

Habari ikaja kwamba maofisa kutoka mkoani watakuja kusikiliza mashahidi. Jioni moja, kabla hawajafika, Noela akaja nyumbani kwa Bujiku. Amekonda. Loveness alimwekea kiti karibu na cherehani, lakini Noela hakukaa.

"Shemeji," alisema, "nilikwenda kumwona Edo. Ameniambia kitu nikaona nikuulize wewe mwenyewe. Anasema siku ile alikuuliza ni nini. Alikuuliza mara mbili."

Bujiku aliinama akafunga kamba ya kiatu.

"Anasema hukumjibu. Lakini anasema nisikulaumu, kelele zilikuwa nyingi, bila shaka hukumsikia. Amenikataza nisiliseme mbele ya hao wakubwa. Anasema Buji alimwokoa, nisije nikamharibia." Akajifuta uso kwa kanga. "Mimi nataka tu kujua. Ulimsikia?"

"Kelele zilikuwa nyingi," Bujiku alisema.

Noela akaitikia kwa kichwa, akaaga, akaondoka. Loveness alibaki ameshika kitambaa chini ya sindano bila kuzungusha gurudumu.

"Baba Mageni. Ulimsikia?"

Akanyamaza.

"Basi ulimsikia," Loveness alisema, na akafunika cherehani.

Sitampamba Bujiku kwa kusema kwamba dhamiri ilimwamsha. Kilichomtesa kilikuwa kile kile cha zamani. Hata mahabusu, hata akiwa ameua, Edward alikuwa bado juu yake. Alikuwa amemsamehe bila kuombwa. Alikuwa amemtafutia udhuru. Bujiku angepewa V tatu na angezivaa akijua ni zawadi kutoka kwa mtu aliye lupango, na mtu huyo asingedai hata shukrani. Alimwonea wivu Edward kwa usafi ule, na wivu huo ulikuwa mchungu kuliko wa mwanzo, kwa kuwa sasa hakuweza kumlaumu Marwa, wala kidato cha sita.

Maofisa walikaa ndani ya ghala la pamba la ushirika, kwa sababu ndilo jengo pekee lililowatosha watu. Nyuzi za pamba zilining'inia ukutani. Aliyeongoza alikuwa Mrakibu Generosa, mwanamke mtulivu aliyesikiliza bila kuandika, akiwaachia wenzake kalamu.

Edward aliletwa. Alizungumza kwa sauti iliyosikika hadi nje.

"Niliona panga, afande. Mtu nilimwona baadaye."

"Ulijua yowe lile ni la nini?"

"Sikujua."

"Hukumwuliza mwenzako?"

Edward alisita. "Kelele zilikuwa nyingi," alisema.

Bujiku, kwenye benchi la mbele, alilisikia jibu lake mwenyewe likitoka kwenye kinywa cha yule mtu. Nyuma yake mama mmoja alinong'ona, "Masikini, ni kijana mzuri." Naam, hata hapo, mbele ya jamaa wa marehemu, huruma ilikuwa ya Edward.

Kisha akaitwa Limi. Alisimama na mtoto mgongoni. Hakuwa mzoefu wa Kiswahili cha mikutano, akawa anatafuta maneno.

"Mimi sijui mambo ya bunduki," alisema. "Huyu ni mgeni, katoka mbali, hajui. Sawa. Mimi nauliza kitu kimoja. Mwano ulipita kwenye milima yote. Hata watoto waliusikia. Pale barabarani palikuwa na mtu wa kwetu. Yeye aliusikia?"

Ghala zima likageuka kumtazama Bujiku. Si kwa kumshuku. Walimtazama kama watu wanaosubiri shujaa wao awatoe wasiwasi.

"Koplo," Mrakibu Generosa alisema, "mama anauliza. Na mimi nitaongeza. Kwa maoni yako, sajenti alikuwa na muda wa kutosha?"

Alikuwa na jibu lake tayari, lile la sekunde moja. Alisimama nalo. Akamwona Edward anamtazama, na usoni kwake hapakuwa na ombi wala lawama. Ilikuwa sura ya rafiki wa kitanda cha jirani.

"Mimi ndiye niliyekuwa na muda," Bujiku alisema.

Hakueleweka. Generosa akamwambia arudie.

"Niliusikia mwano, afande. Niliujua tangu sauti ya kwanza. Sajenti aliniuliza mara mbili na nilimsikia mara zote mbili. Sikumjibu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya hizi," alisema, na akagusa mkono wa shati lake mwenyewe, pale penye V mbili. "Nilitaka aaibike. Sikutaka mtu afe. Nilitaka aaibike tu."

Akageuka kwa Limi, akalisema tena kwa Kisukuma, ili lisibaki lugha ya wakubwa peke yake. "Mayu," yaani mama, "niliusikia nikanyamaza."

Limi hakupiga kelele. Alilegeza mbeleko, akamhamishia mtoto kifuani, akatoka nje.

Kwa Mwanaima kesho yake viti vilijaa, lakini Nasibu hakuwa na la kutania. "Kumbe tulikuwa tunabishana juu ya nusu," alisema. Boaz akasema kosa la mmoja halifuti la mwingine, aliyefyatua risasi amefyatua risasi. Mwanaima akasema hilo ni kweli. Katika jambo hili nakubaliana nao. Kunyamaza kwa Bujiku hakukumwosha Edward. Bunduki ilikuwa mkononi mwake, na aliyekabidhiwa uhai wa watu hana budi kuchunguza anachokiona kabla ya kukiua.

Serikali ilifanya yake. Edward alivuliwa tepe, akashitakiwa kwa kuua bila kukusudia, na yuko nje kwa dhamana akingoja hukumu. Bujiku alifukuzwa kazi. Siku aliporudisha sare, Loveness alizifumua V mbili kwa wembe, polepole, asichane kitambaa, kama vile shati lile lingevaliwa tena na mtu anayemjali.

Lakini Ilambamasi walikuwa na sheria yao, kongwe kuliko kituo. Mzee Kalisti aliwakusanya sungusungu, akamwita Bujiku katikati.

"Wewe ni mtoto wa Kishapu. Mwano unaujua?"

"Naujua, baba."

"Anayeusikia asiupitishe?"

"Ni mwizi pamoja na wezi."

"Umejihukumu mwenyewe," mzee alisema. "Sisi hatuna la kuongeza."

Akatengwa. Maana yake ni kwamba hakuna anayekusalimia wala kukuitikia. Hakuna anayekupa moto, chumvi, wala maji ya kunywa. Hakuna anayekukaribia kaburini unapozika. Na mtu mmoja tu ndiye anayeweza kukufungulia: aliyefiwa. Bujiku alirudi kwao Mhunze na mkewe na binti yao Mageni, lakini neno la sungusungu husafiri haraka, na lilikuwa limeshafika. Loveness na mtoto husalimiwa. Yeye hupitwa. Analima pamba kwenye shamba la baba yake. Mwano ukilia hutupa jembe, huupiga kwa nguvu zote hadi mishipa ya shingo itokeze, na hukimbia na wenzake. Hakuna anayemrudisha. Hakuna pia anayemsemesha njiani.

Mara mbili amekwenda Ilambamasi. Mara zote mbili alikaa chini nje ya ua wa minyaa wa Limi, na Limi alipita na ndoo yake kichwani kama anayepita kando ya jiwe.

Mara ya pili, akiwa bado amekaa pale, alimwona mtu mwingine anakuja kwa miguu kutoka upande wa barabara, amevaa nguo za kiraia, kofia mkononi. Alikuwa Edward. Alimwona Bujiku, akasita, akasema kwa sauti ya chini, "Buji." Kisha akaketi chini naye, mbali kidogo, akaubana mdomo kama mwanafunzi anayejua hana haki ya kuomba.

"Mwangaluka, mayu," Edward alisema Limi alipotokea. Jua lilikuwa limeshainama na salamu ile ni ya asubuhi, lakini ndiyo pekee aliyowahi kufundishwa.

Limi alisimama muda mrefu akimtazama mtu aliyemuua mumewe. Akaingia ndani. Akatoka na kata ya maji, akamwinamia, akampa. Hakusema neno, wala hakutabasamu, na sidhani kama alikuwa amemsamehe. Lakini alimpa maji, na kwa desturi ya pale ina maana kwamba siku nyingine anaweza kuzungumzishwa. Edward aliishika kata kwa mikono yote miwili, akanywa, mengine yakamwagika kifuani.

Limi alichukua kata yake, akarudi ndani, akafunga mlango.

Bujiku anasema amesahau mengi ya miaka ile. Zile V hazimjii tena hata ndotoni. Kitu anachokiona akifumba macho shambani, jua la Kishapu likimchoma mgongo, ni maji yale yakishuka kooni kwa Edward. Na anakiri, kwa yeyote aliye tayari kumsikiliza, kwamba hadi leo anamwonea wivu.